Mali bila Daftari: Kodi na Utamaduni Wetu

Mtu akiulizwa utamaduni wa taifa ni nini, aghalabu atataja lugha, ngoma, mavazi, methali, sanaa za kuchonga na kufinyanga, na mila za kuwafunda vijana. Ni nadra kumsikia akitaja kodi. Kodi tumewaachia wachumi na maafisa wa fedha, kana kwamba ni jambo la tarakimu tupu lisilohusiana na tabia zetu wala na namna tunavyoheshimiana. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Namna watu wanavyochanga mali yao kwa ajili ya jambo la wote, na namna wanavyomdai hesabu yule waliyempa mali hiyo aitunze, ni sehemu ya utamaduni wao kama ulivyo utani na kama zilivyo methali.

Tunakusudia pia kuipima fikra moja ambayo katika siasa zetu imelaumiwa mara nyingi kuliko ilivyochunguzwa. Fikra hiyo husema kwamba kodi iwe ndogo, serikali ibane matumizi, na fedha za wananchi zikae karibu na wananchi wenyewe ili waweze kuziona. Wenye fikra hiyo huitwa wahafidhina. Neno lenyewe halina ubaya: limetoka katika shina moja na neno hifadhi, na mhafidhina kwa asili ni mtu anayehifadhi. Swali letu ni hili: katika mambo ya kodi na matumizi ya serikali za mitaa, mhafidhina anahifadhi nini hasa? Na je, katika kuhifadhi kwake hapotezi kitu kingine kilicho kikubwa zaidi?

Maneno yenyewe

Lugha ni ghala la historia. Basi yafaa tuanze na maneno. Kiswahili hulitumia neno kodi kwa mambo mawili. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na raia huilipa serikali kodi. Mpangaji hana haja ya kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Kila usiku hulala ndani ya kitu alicholipia, na paa likivuja humwendea mwenye nyumba mlangoni. Raia naye hulipa, lakini nyumba aliyoilipia ni kubwa mno, ina vyumba vingi asivyovijua, na mara nyingi paa linapovuja hajui agonge mlango upi.

Neno ushuru asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni fungu la kumi. Ndani ya neno lenyewe mna kipimo: mtozaji alijua mwisho wa kutoza, na mtozwaji alijua mwisho wa kutozwa. Mchango ni neno letu wenyewe, litokanalo na kuchanga. Katika arusi na misiba yetu daftari hufunguliwa, jina la kila mtu huandikwa na kiasi alichotoa, na shughuli ikiisha jumla husomwa mbele ya watu. Hapana sheria ya Bunge inayolazimisha jambo hilo. Ni desturi tu. Lakini mtunza fedha wa msiba ambaye hesabu yake ina kombo atakumbukwa kwa kombo hiyo hata kaburini.

Lipo neno la nne, nalo lina mafunzo kuliko yote. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na nchi za Maziwa Makuu ililazimika kulipa hongo kwa watawala wa njiani, hasa ilipopita Ugogo. Hongo ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba, nayo ilikuwa malipo ya wazi: wazee waliketi, wakabishana na mkuu wa msafara mchana kweupe, wakapatana. Leo neno hilohilo halina maana nyingine ila rushwa, yaani malipo ya gizani. Hatudai kwamba hongo ya zamani ilikuwa haki tupu, maana wasafiri wengi waliilalamikia. Tunachosema ni kwamba lugha imetuhifadhia onyo: malipo yanayotolewa kwa mtawala, yasipokuwa na kipimo wala mashahidi, hayakawii kubadilika tabia.

Mfereji na kodi ya rupia

Kabla ya ukoloni jamii zetu nyingi zilikuwa na namna za kuchangia mambo ya wote kwa nguvu za mikono. Katika milima ya Upare watu walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Kazi ya kuzibua mfereji na kuukarabati ukingo wa ndiva ilifanywa kwa msaragambo, na kila nyumba iliyokunywa maji hayo ilipaswa kuleta mtu na jembe. Huo ulikuwa mchango mzito, pengine mzito kuliko kodi nyingi za siku hizi. Lakini mtu aliyeshinda akichimba asubuhi aliyaona maji yakiteremka shambani kwake jioni. Mtegaji alijulikana kwa jina, na msimamizi aliyeyapindisha maji kwenda kwa ndugu zake alijulikana vilevile.

Hatupendi kuzipamba enzi hizo kupita kiasi. Walikuwako pia watawala waliotoza ng'ombe na pembe kwa mabavu, wala hapakuwa na sanduku la kura la kuwaondoa. Hata hivyo, palipokuwa na mfereji palikuwa na fundisho moja lililo wazi, nalo ni kwamba mchango, kazi na faida vilionekana mahali pamoja na watu walewale.

Utawala wa Wajerumani ulizitenga sehemu hizo tatu. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897 na kuanza kutumika mwaka 1898, na nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Shabaha haikuwa kujaza hazina tu. Kodi ilitakiwa kuwasukuma watu waende kufanya kazi za ujira mashambani kwa walowezi, na asiyekuwa na fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kwa jasho lake. Maakida na askari waliotumwa kuikusanya hawakuwa na la kumwonyesha mwanakijiji kwamba hili ndilo ulilolilipia. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha kushurutishwa, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907.

Waingereza walipoitwaa nchi waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, waliweka utaratibu wa kutawala kwa kupitia machifu, na kila mamlaka ya wenyeji ikapewa hazina yake. Hapo lilizuka jambo jipya: fedha kiasi zilibaki wilayani, zikalipa mishahara ya machifu na makarani, na kugharimia shule, zahanati na barabara za vijijini. Ukaribu wa hazina uliongezeka, lakini sauti ya mlipaji haikuongezeka. Hazina ilikuwa kijijini, ila daftari lilikuwa mezani pa chifu na Bwana Shauri.

Ni Wapare hao hao wa mifereji waliouonyesha ulimwengu tofauti ya mambo hayo mawili. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia walianzishiwa kodi mpya, iliyojulikana kwa jina la mbiru, ambayo ilitozwa juu ya ile ya kawaida. Kila mtu alikadiriwa utajiri wake, mifugo yake na mashamba yake, kisha akapangiwa kiwango. Watu hawakukubali kukadiriwa kwa njia wasiyoiamini. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakaketi huko wakidai kodi hiyo ifutwe. Baadaye wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Hawakushika mishale wala bunduki. Serikali ya kikoloni ilihangaika nao miaka kadhaa, na hatimaye ikaiacha kodi ile. Mwanahistoria Isaria Kimambo alikiandikia kisa hicho kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971, nasi tungefurahi kama kila shule ya sekondari ingekuwa nacho.

Kinachotugusa katika kisa cha mbiru ni aina ya watu waliogoma. Hawakuwa watu waliozoea kutochangia. Walikuwa watu wa msaragambo, waliojua tangu utotoni uzito wa jembe la wote. Basi haifai kusema kwamba mwananchi anayeihoji kodi ni adui wa maendeleo. Huenda anaihoji kwa sababu anajua vizuri mno mchango wa kweli unavyofanana.

Kuondolewa kodi, kuondolewa sauti

Baada ya uhuru, halmashauri za wilaya zilirithi mzigo mkubwa. Zilitakiwa kuendesha shule za msingi, zahanati na barabara, na mapato yake makuu yalikuwa kodi ya mtaa na ushuru wa mazao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kutahadharisha kuhusu fikra ya kwamba serikali inaweza kuongeza kodi kila inapotaka kuongeza huduma. Azimio lilitumia mfano wa ng'ombe na maziwa yake, na yeyote aliyelisoma hajausahau: haja ya mkamuaji haiongezi maziwa katika kiwele. Huo ni usemi wa chama cha kijamaa. Lakini mhafidhina yeyote wa mambo ya fedha angeukubali bila kubadili neno.

Mwaka 1969 kodi ya mtaa na ushuru wa mazao viliondolewa. Wakulima walipumua, na walikuwa na haki ya kupumua. Lakini halmashauri zilibaki kama mtu aliyenyang'anywa jembe na kuambiwa asubiri posho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Zile za miji zikafuata mwaka 1973. Madaraka yalipelekwa mikoani kweli, ila yalipelekwa kwa maafisa walioteuliwa, wala si kwa madiwani waliochaguliwa. Hali ya huduma mijini ilizorota kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha zile za wilaya, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa miongoni mwa mambo ambayo, kama angeanza upya, asingeyafanya. Leo ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinazilinda serikali hizo, na kueleza kwamba madhumuni ya kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Halmashauri zilirudi pamoja na kodi ya maendeleo. Sisi tuliokuwa watoto vijijini katika miaka ile tunakumbuka kopo la majani ya chai lililotunzwa juu ya dari. Ndani yake hamkuwamo chai, bali stakabadhi. Mtu mzima aliyekwenda mnadani au aliyepanda basi bila stakabadhi ya mwaka ule alikuwa hatarini, kwani wanamgambo waliweka vizuizi njiani. Tuliwaona wanaume wenye ndevu, wanaoheshimiwa katika mabaraza ya ukoo, wakikimbilia migombani mbele ya wake na watoto wao. Baba yetu alikuwa akilipa mapema kila mwaka. Tulipomwuliza kwa nini, hakutaja shule wala barabara. Alijibu kwamba ananunua ruhusa ya kutembea. Wakati huo hatukuelewa. Sasa tunaelewa kwamba jibu lile lilikuwa hukumu nzito juu ya kodi ile: mlipaji mwaminifu kuliko wote hakuona kwamba amenunua kitu kingine chochote.

Si ajabu basi kwamba watu waligoma hapa na pale. Mgomo wa wananchi wa wilaya ya Arumeru mwaka 1998 ndio uliovuma zaidi. Katika bajeti ya mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo ulioitwa kero, na Serikali Kuu ikaahidi kuzifidia halmashauri kwa ruzuku. Fedheha ya migombani ilikwisha, nasi hatutamani irudi hata siku moja. Lakini historia ya mwaka 1969 ilijirudia kwa umbo jingine. Halmashauri nyingi huendesha sehemu kubwa ya shughuli zake kwa ruzuku, na diwani ambaye fedha zake zinatoka makao makuu ya nchi hugeuza uso wake kuelekea zinakotoka. Mwananchi naye akiulizwa kwa nini hakwenda kusikiliza hesabu za kijiji, hujibu kwamba fedha zile si zake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na daftari la mbali halisomwi.

Mfano wa ugenini

Isidhaniwe kwamba mambo haya yametupata sisi peke yetu. Nchini Marekani kila jimbo kati ya majimbo 50 lina bunge lake, bajeti yake na kodi zake, na chini ya majimbo ziko wilaya, miji na bodi za shule zenye mapato yake. Huko ndiko wahafidhina wa mambo ya kodi wana nguvu kubwa. Katika jimbo la California, bei za nyumba zilipopanda kwa kasi katika miaka ya 1970, kodi ya majengo ilipanda nazo, hata wazee wenye mapato madogo wakahofia kuzikosa nyumba walizokwisha kuzilipia. Mfanya kampeni aitwaye Howard Jarvis, pamoja na mwenziwe Paul Gann, waliongoza ukusanyaji wa saini, na mwezi Juni mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13. Kodi ya majengo iliwekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo ikakatazwa kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi jengo litakapouzwa.

Wenye nyumba waliokolewa, na hilo si jambo dogo. Lakini mapato ya kodi hiyo yalianguka kwa zaidi ya nusu mara moja, na miji pamoja na shule ikabidi iokolewe kwa fedha za serikali ya jimbo. Mkono unaotoa ndio unaoamuru: mambo mengi yaliyokuwa yakiamuliwa na bodi ya shule ya mtaani yalianza kuamuliwa Sacramento, makao makuu ya jimbo. Watu waliopiga kura ili kuidhibiti serikali waliiondolea meno ile serikali ndogo iliyokuwa karibu nao, wakaiongezea nguvu ile kubwa iliyokuwa mbali. Mpare wa mwaka 1945 na mwenye nyumba wa California wa mwaka 1978 hawakujuana, lakini walilia kilio kimoja. Na mkulima wetu wa mwaka 1969 angeweza kumweleza yule wa California mapema yatakayofuata.

Kodi isiyoonekana

Siku hizi njia za kutoza zimekuwa za kisasa na za upole. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kwa kupitia mita za umeme za Luku, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hapana mgambo wala kizuizi. Mtu hununua umeme na kodi imekwisha kulipwa. Anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji, naye hulipa kodi ya jengo lisilo lake, ingawa kwa haki mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Mwaka huohuo ilianza tozo ya miamala ya simu, iliyokusudiwa kujenga vituo vya afya na madarasa. Wananchi walilalamika kwa sauti kubwa, na haikupita miezi mingi Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30.

Tuyalinganishe mambo haya mawili. Tozo ya simu ilionekana: kila mtu aliyemtumia mamaye fedha aliisoma katika kioo cha simu yake, akauliza, akajibiwa. Kodi ya Luku imefichwa ndani ya umeme, na haikuulizwa sana. Mhafidhina wa kawaida husifu kodi isiyoumiza. Sisi tunaona kwamba kodi isiyohisiwa kabisa ina hatari yake, kwa sababu asiyejua kwamba amelipa hawezi kudai. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na anayechovya gizani humaliza upesi zaidi.

Upande wa matumizi nao una mafunzo. Katika miaka ya karibuni neno hewa limepata maana mpya katika Kiswahili. Uhakiki ulioanza mwaka 2016 uliwaondoa katika orodha za mishahara maelfu ya wafanyakazi hewa, yaani majina yasiyo na watu. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya wakaguzi kueleza dosari katika utoaji na urejeshaji wake, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Aliyeumia katika muda ule si yule aliyechukua fedha bila kuzirudisha. Aliumia mama muuza samaki aliyekuwa akingojea zamu yake. Ubadhirifu ni kodi ya pili, nayo hutozwa maskini.

Mizani yetu

Sasa tunaweza kulijibu swali tulilolitanguliza. Mhafidhina wa kodi anahifadhi mambo matatu yaliyo ya thamani. Kwanza, anahifadhi jasho la mtu, kwa kukumbusha kwamba hapana fedha ya serikali ambayo haikuwa kwanza fedha ya mwananchi. Pili, anahifadhi kipimo, kwa kukataa mkono wa mtozaji usiwe bila mwisho. Upunguzaji wa ushuru wa mazao wa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ulikuwa ushindi wa fikra hiyo, na mkulima aliyekuwa akisimamishwa njiani na magunia yake anajua faida yake. Tatu, anahifadhi ukaribu, kwa kutaka mshika fedha awe mtu anayeweza kukutana naye kisimani.

Hata hivyo, fikra hiyo ina upofu wake, nasi hatuna budi kuusema. Kwanza, nchi yetu haina rutuba sawa. Halmashauri yenye bandari, mgodi au kahawa inaweza kujitegemea. Ile ya nyika kavu haiwezi, hata watu wake wabane matumizi namna gani. Kama kila mtaa ungeachiwa fedha zake tu, mtoto angepata darasa kwa bahati ya mahali alipozaliwa. Kwa hiyo ruzuku ya taifa ni haki, wala si sadaka. Pili, mtu anayepigania kuondolewa kodi zote za mtaa anaweza kushinda, na siku anaposhinda akapoteza haki ya kuuliza. Usione vyaelea, vimeundwa. Na asiyetoa hata ubao mmoja hana sauti nahodha anapochagua bandari.

Kwa maoni yetu, basi, daraja la kodi si la kwanza kupimwa. Kodi ndogo isiyo na hesabu ni dhuluma ndogo, na kodi kubwa isiyo na hesabu ni dhuluma kubwa. Tofauti yao ni ya kiasi tu. Kodi yenye heshima ni ile ambayo mlipaji anajua kipimo chake, anaona kazi yake, na anamfahamu wa kumwuliza. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali nyingi wala mali chache.

Daftari hilo tunalo. Sheria ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, nafasi ya kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa kila mwaka ripoti ya hesabu za serikali za mitaa, na Kamati ya Bunge huwaita wakurugenzi wazijibie hoja. Vyombo vipo. Kinachopungua ni desturi ya kuvitumia, na desturi haitungwi bungeni. Watu wale wale ambao hawamsamehe mtunza fedha wa arusi kwa shilingi 5,000 zisizojulikana ziliko, hunyamaza zahanati inapokaa miaka mitano bila paa. Ni kana kwamba tumeamua kwamba daftari ni la ndugu, na serikali ni ya wageni.

Hapo ndipo ilipo kazi ya walimu. Mwalimu wa uraia anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye ubao wa matangazo wa kijiji au kata, wakanakili mapato na matumizi yaliyobandikwa, kisha mwalimu wa hisabati akawasaidia kujumlisha. Kama hayakubandikwa, hilo nalo ni somo, nao waulize kwa adabu kwa nini. Mwalimu wa Kiswahili awape insha juu ya neno hongo. Mwalimu wa historia awasimulie habari za Same. Kijana aliyezoea kulisoma daftari la kijiji chake akiwa na miaka 16 hatakimbilia migombani akiwa na miaka 30, wala hatamkimbiza mwenzake huko akiwa diwani. Atalipa kinachostahili kulipwa, atakataa kisichostahili, na kabla ya kufanya lolote kati ya hayo mawili ataomba kwanza aonyeshwe hesabu.